Kitabu cha Kumsomea, Kitabu cha Kumwachia: Historia kwa Mtoto Anayesomea Nyumbani Lamu

Wazazi wenzangu wanaosomesha watoto nyumbani hapa Lamu, na hata wale ambao watoto wao wako shule lakini hawatosheki na historia wanayorudi nayo, huniuliza swali moja: nimnunulie mwanangu kitabu gani cha historia? Nami huwajibu kwa swali. Nani atakisoma? Utakaa naye umsomee, au utampa akasome mwenyewe barazani wewe ukiwa jikoni? Kitabu kinachofaa kazi ya kwanza mara nyingi hakifai kazi ya pili, na pesa nyingi za vitabu hupotea hapo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kitabu cha mtoto kusoma peke yake kiwe chepesi kwa lugha na safi kwa habari, maana hakuna mtu mzima pembeni wa kumwambia "hapo ngoja kwanza". Kitabu cha kumsomea kwa sauti ndicho kinachoweza kuwa kizito, cha kale, cha kubishaniwa, hata chenye kasoro zake, kwa kuwa wewe upo: unasimama, unauliza, unapinga, unaendelea. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunamsomea mtoto hadithi nyororo za kumlaza, kisha yale mazito tunamwachia apambane nayo mwenyewe.

Masikio ya mtoto hutangulia macho yake kwa miaka kadhaa. Binti yangu ana miaka 10. Ukimpa utenzi wa Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, wa karne ya 19 uliochapwa kitabuni, atakwama ubeti wa pili. Msomee huo huo kwa sauti, kwa mahadhi yake, baada ya magharibi, na atakuuliza maswali ya kukufanya ufikiri usiku kucha. Amekulia Lamu, amesikia kasida za Maulidi tangu akibebwa mgongoni, amemsikiliza bibi yake akisimulia mambo ya zamani. Sikio limeshakomaa. Jicho bado linajifunza, na hakuna ubaya. Kwa hiyo anayedhani kumsomea mtoto ambaye tayari anajua kusoma ni kumdekeza, naomba afikiri tena. Huko ndiko mtoto anakokutana na lugha na mawazo yaliyo juu ya kimo chake.

Tuanze na vitabu vya kumwachia, maana ndivyo vinavyotafutwa sana na ndivyo vigumu kupatikana. Vitabu vya shule vya Kenya vinavyogusa historia vimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, ghala kubwa liko Tanzania, ambako historia ya shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania huviweka vitabu vyake mtandaoni. Nimevitumia sana. Lugha yao ni nyoofu, sentensi fupi, michoro inaeleweka, na binti yangu huvisoma bila kunihitaji. Ila ni historia ya Tanzania, ndiyo kazi yake. Kilwa imo, Bagamoyo imo, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vimo kwa kina. Lamu hupata mstari, Malindi nayo hupata mstari kwa sababu Vasco da Gama alipita. Mtoto wa Lamu akisoma hivyo tu, ataijua pwani ya kusini kuliko ya kwao. Inabidi kuchanganya: cha Tanzania kwa Kiswahili chake, cha Kenya kwa yaliyomo. Navyo vyote vinatoka mbali. Kifurushi kinakuja kwa basi mpaka Mokowe, kinavushwa kwa boti, na ukikifungua ukaona si chenyewe, kukirudisha ni shughuli. Ndiyo maana nina tabia ya kukikagua kitabu kabla ya kulipa, na kama kiko Mombasa namwomba ndugu dukani anipigie picha kurasa chache.

Kurasa zipi? Ninazo tatu ninazoziomba kila mara, kwa kitabu chochote kinachogusa pwani.

Ukurasa wa kwanza ni ule unaoeleza nani alijenga miji yetu ya mawe. Vitabu vingi vya zamani vina jibu la haraka: walikuja Waarabu na Waajemi, wakajenga. James Kirkman aliyechimbua Gedi, mji wa magofu karibu na Malindi, kuanzia mwaka 1948 alifanya kazi kubwa ambayo bado inatufaa, lakini ripoti yake ya 1954 iliuita Gedi mji wa Waarabu tangu kwenye jina la kitabu. Ndivyo wasomi wengi wa wakati ule walivyoona. Kisha miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, hapa hapa kisiwani Pate, na chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini ya huo mwingine, mpaka akafika kwenye kijisehemu cha kuswalia cha miti na udongo cha karne ya 8. Mji ulikua pale pale, polepole, kwa mikono ya watu wa pale, huku Uislamu na biashara vikikua nao. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda, Faza na Mtwapa. Ulionyesha kwamba tangu karibu mwaka 1000 kulikuwa na kuchanganyika: upande wa akina mama asili yao zaidi ni ya Kiafrika, upande wa akina baba wengi wana asili ya Uajemi, na baadaye Arabuni. Wazee wetu waliosimulia habari za babu zao wa Shirazi hawakuwa wakitunga, na waliosema sisi ni watu wa hapa hapa hawakuwa wakitunga pia.

Sasa kitabu cha kumwachia mtoto kinapaswa kuwa na habari hiyo, angalau kwa muhtasari: watu wa pwani walijenga, wakaoana na wageni, wakasilimu, wakafanya biashara. Kikisema "Waarabu walikuja wakajenga miji" na kuishia hapo, sikitupi. Nakihamishia rafu ya juu, pamoja na vya kumsomea, nikifika hapo nisimame tuzungumze. Kumpa mtoto akisome mwenyewe ni kumwambia kwamba watu wa kwao walikuwa watazamaji tu wa historia yao.

Ukurasa wa pili ni ule wa rubani. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi baada ya kupata misukosuko Mombasa. Sultani wa Malindi akampokea, akampa rubani, na mwisho wa mwezi wakang'oa nanga kuelekea Kalikuti (Calicut) ya India, wakafika Mei. Angalia kitabu kinasema nani alikuwa rubani yule. Vingi vitakuambia ni Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Oman aliyeandika vitabu vya ubaharia. Ni habari tamu, na inarudiwa kila mahali. Lakini daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa watu wa da Gama mwenyewe halimtaji, wanahistoria wa Kireno wa karne ile wanamtaja rubani wa Kigujarati, na habari ya Ibn Majid imetoka kwa mwandishi wa Kiarabu aliyeandika miongo mingi baadaye. Wataalamu wengi wa siku hizi hawaikubali. Kitabu kinachosema kwa utulivu "Sultani wa Malindi alimpa rubani aliyeijua njia" nakiamini zaidi kuliko kinachotoa jina kwa kujiamini.

Ukurasa huo huo una mtihani mwingine. Je, mwandishi anamweleza mtoto kwamba da Gama alikuta merikebu za Wahindi zimetia nanga bandarini Malindi? Kwamba njia ile ilikuwa ikitumika, na kwamba watu walikuwa wakiondoka na upepo wa kusi na kurudi na kaskazi miaka na miaka kabla ya Mreno kuja? Mtoto wa Lamu hahitaji kufundishwa kusi ni nini, anaiona baharini kila mwaka. Kitabu kikimkuta na elimu hiyo na kuijengea juu yake, atakisoma mpaka mwisho. Na kama kina ile habari ya twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, miaka 83 kabla ya da Gama, basi mwandishi anaijua pwani hii kama mahali penye dunia yake.

Ukurasa wa tatu ni wa Mekatilili wa Menza. Hapa sitazami tu kama ametajwa, maana siku hizi anatajwa karibu kila mahali kwa sentensi moja ya kwamba alikuwa mwanamke shujaa aliyepinga Waingereza. Natazama kama mtoto atajua kwa nini. Wagiriama walikuwa wakidaiwa kodi ya nyumba na kutakiwa kutoa vijana wao wakafanye kazi kwenye mashamba ya watu wengine. Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata. Huko Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, wakala viapo, wanawake chao cha mukushekushe na wanaume chao cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Huo ni mpango wa kisiasa uliofikiriwa. Mwaka 1913 alikamatwa akapelekwa mbali, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Kitabu kikimwacha mtoto na "shujaa" bila kodi, bila kiapo na bila kaya, kimempa jina tu.

Kuhusu Mekatilili nina pendekezo moja la kitabu cha kumwachia ambalo linaonekana kupingana na nilichosema juu, lakini halipingani. Mpe mtoto viwili vifupi, vyote vizuri, akavisome mwenyewe. Kwa sababu waandishi hawakubaliani: wengine wanasema alihamishiwa Kisii, wengine Mumias, wengine wanasema alitoroka akarudi kwa miguu mpaka Giriama, wengine wanafuata kumbukumbu za serikali zinazomrudisha miaka mitano baadaye. Binti yangu aliigundua tofauti hiyo bila kuambiwa. Alinijia na vitabu vyote viwili vimefunguliwa, kidole huku na kidole kule.

"Mama, mmoja wao anasema uongo."

Nikamwambia si lazima iwe uongo. Mmoja alimsikiliza karani wa serikali, mwingine aliwasikiliza wajukuu. Akauliza sisi tumsikilize nani. Nikampa ramani ya Kenya na rula, akapima kutoka Kisii mpaka Malindi, kisha kutoka Mumias, akaandika majibu yote mawili daftarini mwake na alama ya kuuliza mbele ya kila moja. Hiyo alama ya kuuliza naithamini kuliko aya nzima aliyoikariri. Na aliifikia mwenyewe kwa sababu lugha ya vile vitabu haikumsumbua. Nguvu yake yote ilibaki kwa habari.

Kuhusu wepesi wa lugha sina maneno mengi. Mfungulie ukurasa wa katikati asome kwa sauti. Akikwama kwenye maneno matano au zaidi, hicho bado ni chako wewe kumsomea. Asipokwama popote, mwachie. Ramani iwemo, na iwe inaonyesha Pate na Manda, si Mombasa peke yake.

Ila kwenye picha nitakaa kidogo. Watoto huamini picha kuliko maandishi, na wachoraji wa vitabu wengi hawajawahi kukaa pwani. Baba mkwe wangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Siku moja alikichukua kitabu cha mjukuu wake, akavaa miwani, akakaa na ukurasa mmoja muda mrefu. Ulikuwa na mchoro wa chombo kikubwa chenye tanga la pembe tatu, na chini yake imeandikwa kwamba huo ni mtepe.

"Mjukuu wangu, huu si mtepe," akasema. "Mtepe tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Na hapa amechora misumari. Mtepe haukuwa na msumari, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi."

"Babu, uliuona?"

"Sikuuona. Baba yangu aliuona, na alinieleza ulivyoshonwa." Akachukua kipande cha ubao, akatoboa matundu kwa keekee, akamwonyesha kamba inavyopita.

Kile kitabu kilikuwa kizuri kwa mengine yote, nasi hatukukiacha. Lakini tangu siku ile picha zote za vyombo hupitia kwa babu kwanza, na nawashauri wazazi wenzangu wafanye hivyo: kila nyumba ina mtu anayejua kitu kimoja kuliko mwandishi. Kwa upande wa majahazi sisi tuna bahati nyingine, maana Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi aliyezaliwa Matondoni, alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi juu ya chombo cha Lamu uliochapishwa 1979. Huo haukuandikiwa watoto. Tunausoma kwa sauti babu akiwepo, na kila kifaa kikitajwa yeye anaeleza ni kipi na kinakaa wapi. Kwa saa kama hiyo hakuna kitabu cha rangi rangi kinachofikia.

Hapo ndipo nafika kwenye vitabu vya kumsomea, na hivi ndivyo ninavyovipenda zaidi.

Al-Inkishafi naiweka mbele. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga mwanzoni mwa karne ya 19, akiitazama Pate iliyokuwa imeanguka. Wengi huifundisha kama utenzi wa dini, wa kuizindua nafsi, na ndivyo ulivyo. Lakini kwa mtoto anayesoma historia ni ushahidi wa mtu aliyekuwa karibu: majumba yaliyong'aa taa, watu waliotembea kwa madaha, zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizopangwa sahani ambazo sasa ni viota vya ndege. Nilimsomea binti yangu sehemu ya majumba tukiwa ndani ya nyumba ya ukoo iliyoko mtaani Mkomani, ambayo ukuta wake wa ndani una zidaka za chokaa mpaka juu. Alisimama akaingiza mkono katika kimoja. Kesho yake tulivuka kwenda kisiwa cha Manda, maji yakiwa yamejaa kwa sababu mkondo wa mikoko wa kwenda Takwa haupitiki maji yakitoka, tukasoma beti zile zile ndani ya mji uliohamwa karne ya 17. Mdogo wake wa miaka 6, ambaye hafuati hata nusu ya maneno, alikuwa akiokota vigae. Tukamwambia avirudishe pale pale alipovitoa, na dada yake akamweleza kwa nini: anayekuja kuchunguza anahitaji kujua kilikuwa wapi. Hayo hakuyasoma popote. Aliyapata kwa kusikia juu ya Shanga na tabaka zake.

Mtoto wa Lamu ana faida hapa ambayo wengine hawana. Lugha ya tenzi hizi ni ya nyumbani kwake. Mwanafunzi wa Nairobi anahitaji maelezo kila mstari. Wangu akikwama anamwita bibi yake. Tusiipoteze faida hiyo kwa kungoja mpaka wafike kidato cha juu ndipo wakutane na tenzi kama maswali ya mtihani.

Utendi wa Mwana Kupona pia ni wa kusomewa, na hapa nasisitiza: wa kusomewa, si wa kuachiwa. Mwana Kupona binti Msham aliutunga 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alikuwa ameshafariki. Ni mama anayejua hana muda mrefu, anamwita mwanawe akae aandike. Binti yangu alielewa hilo kwa undani wote. Lakini beti za namna mke anavyopaswa kumhudumia mume ni nyingi, na mtoto wa miaka 10 akizisoma peke yake atadhani ni amri za leo kutoka kwa mama yake. Mimi husimama pale nikamwuliza: Mwana Kupona alikuwa akimwandaa binti yake kwa dunia ipi? Mjane wa mtawala, Siyu ikiwa imezungukwa na maadui, binti atabaki na nani? Tukizungumza hivyo, utendi unakuwa dirisha la karne ya 19, na heshima ya mtunzi inabaki pale pale. Binti yangu alisema angependa kumuuliza Mwana Hashima alijibu nini. Nami ningependa sana kujua.

Kisha liko jambo la utumwa. Nimeona wazazi wa pwani wakiliruka, na nimeona vitabu vikilieleza kana kwamba lilitokea Zanzibar tu. Katika karne ya 19 mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi yalilimwa na watumwa. Watu wa Lamu walikuwa na mashamba yao bara, ng'ambo ya hapa, yakilimwa vivyo hivyo. Mkataba wa 1873 kati ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar ulifunga soko la Zanzibar na biashara ya baharini, lakini hali ya utumwa kisheria katika pwani yetu haikufutwa mpaka 1907. Katika familia nyingi za hapa, yangu ikiwemo, wamo waliomiliki na wamo waliomilikiwa, na pengine ni nyumba moja.

Kitabu ninachokisoma kwa sauti juu ya jambo hili ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya watumwa waliokombolewa ya Frere Town, karibu na Mombasa, na Kiswahili chake kinasomeka vizuri mpaka leo. Anasimulia kukamatwa, safari, jahazi, kukombolewa. Mtoto anakaa kimya akisikiliza. Lakini ni kitabu cha wakati wa ukoloni, na Mwingereza ndani yake ni mkombozi wa moja kwa moja. Ungempa mtoto akisome mwenyewe, angetoka na picha ya Waarabu wabaya, Waingereza wema, na watumwa wanaongoja kuokolewa. Kwa hiyo ninakisoma na kusimama. Nauliza: waliotoroka wako wapi katika hadithi hii? Maana walikuwepo. Walikimbilia Witu, kwa mtawala wa huko Ahmed Fumo Luti aliyeitwa Simba, walikimbilia Fuladoyo na kwingineko nyuma ya Malindi, wakajenga vijiji vyao wakajilinda wenyewe. Nauliza pia: yule aliyefunga soko mwaka 1873 ni yule yule aliyewalipua Wagiriama 1914? Binti yangu alilifikiria hilo kisha akasema mtu anaweza kufanya yote mawili. Na ni kweli, serikali moja ilifanya yote mawili.

Bibi yake hakupenda tulipoanza. Alisema mambo hayo yaliyopita yaachwe, yanafukua makaburi. Namheshimu, na najua anamlinda nani. Nilimwambia, "Mama, mtoto atayasikia tu njiani, na huko njiani atasikia matusi. Bora ayasikie hapa, kwa sauti yetu." Aliendelea kufuma kofia yake. Siku ya tatu ya kusoma alituongezea yeye mwenyewe habari ya mtu wa ukoo wetu, ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa si yangu kuieneza.

Neno moja kwa wazazi wanaosema hawana vitabu vya Kiswahili vya kumsomea mtoto. Chukua kitabu cha watu wazima cha Kiingereza, soma sura kichwani mchana, usiku msimulie kwa Kiswahili huku kitabu kikiwa wazi mbele yenu, muonyeshe picha na ramani. Mimi ndivyo nilivyofanya na Gedi, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kilichomshika binti yangu ni kwamba Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, mwendo wa saa chache tu kutoka Gedi, na hawakuutaja mji ule katika maandishi yao. Tulitumia jioni nzima kubuni sababu. Msitu uliuficha? Waliuita kwa jina jingine? Uliwafungia milango? Kitabu cha kumwachia kisingempa nafasi hiyo, kingempa sentensi moja akapita.

Kitu ninachokitafuta mpaka sasa ni kitabu cha mtoto kusoma mwenyewe juu ya pwani yetu kuanzia 1895 hadi 1963: ukanda wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na kutawaliwa na Waingereza, hoja ya Mwambao, yaani ya waliotaka pwani ijitenge na Kenya, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoiunganisha pwani na Kenya. Vitabu vya shule vinaruka kutoka Fort Jesus mpaka Mau Mau. Wazee wanayo kumbukumbu, lakini kila mzee ana upande wake, na hilo ni somo la kusikilizwa pamoja, si la kumwachia mtoto. Kwa sasa binti yangu anaandika kurasa zake mwenyewe kutokana na tunayoyasoma na anayoyasikia barazani, na tumefika 1920. Anayekijua kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili, chenye ramani, na kinachompa mtoto hoja za pande zote mbili bila kumwamulia, tafadhali aniandikie jina lake na aniambie ukurasa wa Oktoba 1963 unasemaje.